Vitambulisho mmepata, sasa ingieni kwenye mpango wa kaunti

Tangu serikali iwatambue Wapemba, wenye asili ya kisiwa cha Pemba, kuwa miongoni mwa makabila ya Kenya mwaka 2023, ofisi yetu ya mipango imekuwa ikipokea malalamiko yanayofanana. Mengi huanza hivi: "Tumetambuliwa, mbona fungu letu hatulioni?" Wamakonde, wenye asili ya Msumbiji, nao waliuliza vivyo hivyo. Mwaka 2016 walitoka Kwale wakatembea kwa miguu hadi Nairobi kudai uraia, na wakawa kabila la 43. Vikao vya kukusanya maoni ya Mpango wa Maendeleo wa Mwaka vimekaribia, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Nisemayo ni maelezo ya jumla, si ushauri wa kisheria kwa kesi ya mtu binafsi.

Fungu la kabila halipo. Naomba hili lishike, maana kila baraza tunalirudia na kila baraza mtu husimama akaliuliza tena. Bajeti ya kaunti hugawanywa kwa idara na kwa miradi, na mradi hukaa mahali: kisima cha kijiji fulani, banda la samaki la ufuo fulani, zahanati ya wadi fulani. Hakuna ukurasa ulioandikwa Wapemba, kama vile hakuna ulioandikwa Wagiriama au Wadigo. Anayekwambia pesa zenu zilikuja zikaliwa, mwombe akuonyeshe ukurasa.

Hata hivyo sheria haijaziacha jamii ndogo zipigane kwa wingi wa mikono. Ingekuwa hivyo, Wadahalo, waliohesabiwa 575 katika sensa ya 2019, wasingepata hata tangi la maji. Ibara ya 56 ya Katiba inaitaka serikali iwe na mipango mahususi ya kuhakikisha jamii hizi zinashiriki katika uongozi, zinapata nafasi za elimu na ajira, na zinafikiwa na maji, afya na miundombinu. Ibara ya 174 inataja ulinzi wa jamii ndogo na zilizotengwa kuwa mojawapo ya malengo ya ugatuzi wenyewe. Kwa hiyo afisa wa kaunti anayewaambia "nyinyi ni wachache, subirini" amekosea. Wenzangu pia wasome hapa.

Kuna na Hazina ya Usawazishaji, ambayo wengi huichanganya na mambo mengine. Ibara ya 204 inaitengea nusu asilimia ya mapato ya serikali ya taifa kila mwaka, kwa huduma nne: maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Inakwenda kwa maeneo yaliyobaki nyuma, na Katiba imeipa miaka 20 tu tangu 2010. Si pesa ya kugawiwa watu mkononi, wala ya kabila.

Sasa tarehe, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, hakuna pesa za umma zinazoweza kutengwa nje ya mpango ulioidhinishwa na bunge la kaunti. Mpango mkubwa ni ule wa miaka mitano, mnaouita CIDP. Uliopo ni wa 2023 hadi 2027. Kutokana nao huandaliwa mpango wa mwaka, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka ufike bunge la kaunti kabla ya Septemba 1 kupita. Mkakati wa fedha hufuata, mwisho Februari 28. Kisha makadirio ya bajeti, mwisho Aprili 30. Mtu akija Mei na barua nzuri ya kuomba gati, tutaipokea, tutaipiga mhuri, na haitaingia mwaka huo. Si roho mbaya. Mlango umefungwa kisheria, na afisa atakayeupenyeza mradi kwa dirishani atajibu kwa mkaguzi.

Na ombi liwe na umbo. "Tunaomba maendeleo" siwezi kuliweka kwenye jedwali. Andikeni ni kitu gani, kijiji gani, wadi gani, kitatumiwa na nyumba ngapi, ardhi ni ya nani. Ardhi ndiyo huua miradi mingi ya ufuoni kuliko uhaba wa pesa: njia ya kuteremkia pwani imezungushiwa ukuta, mwenye hati hajulikani, na kaunti haijengi juu ya kiwanja cha mtu. Kabla ya kuomba banda la samaki, nendeni na BMU yenu, yaani kikundi cha usimamizi wa ufuo, mkaulize hali ya kiwanja. Mkikuta mgogoro, tuambieni mapema. Ombi la kwanza huenda likawa kupima na kusajili eneo, na hilo nalo ni mradi halali.

Nakiri upande wetu una makosa. Siku moja tuliitisha kikao ufuoni saa nne asubuhi, tukakuta viti vitupu. Ilikuwa bamvua, bahari inapokupwa sana. Kina mama walikuwa mwambani wakisaka pweza, na wanaume wengi baharini. Tangazo tulikuwa tumelitoa gazetini. Mzee mmoja wa Kipemba aliyekuwa akishona nyavu kivulini aliniambia: "Mwanangu, miaka yote tukiona gari la serikali tulikuwa twajificha, maana hatukuwa na karatasi. Leo waniambia niliendee kwa hiari yangu?" Sikuwa na jibu la ofisini. Tangu siku hiyo tunauliza kwanza kalenda ya maji, tunapeleka habari kwa mzee wa kijiji na misikitini, na tunakaa jioni. Anayehudhuria haulizwi kitambulisho. Tunaandika jina na kijiji basi.

Lililo gumu zaidi ni lugha inayotumika vikaoni. Mara kwa mara mtu kutoka jamii kubwa husimama akasema hawa ni wageni, warudi Msumbiji, warudi Pemba. Hilo si maoni ya umma. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 62, inaharamisha maneno yanayokusudia kuchochea dharau, chuki au ubaguzi dhidi ya jamii kwa misingi ya kabila. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote viwili. Nimeagiza wenyeviti wa vikao wamkatishe msemaji wa namna hiyo na waandike alichosema neno kwa neno.

Kuhusu ajira, Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia ziende kwa watu wasiotoka kabila kubwa la kaunti. Vijana wenu waombe. Wasipoomba, bodi ya ajira haina wa kumpa.

Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambamo kaunti hushauriana na wananchi kuhusu mipango na bajeti, halina kiti kilichotajwa kwa jina la jamii ndogo, na wengi hukata tamaa hapo. Lakini lina viti vya wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya dini. Mama wa Kimakonde anaweza kupendekezwa na shirika la wanawake akakaa pale kwa haki kamili.

Mkitaka kujua ombi lenu lilifikia wapi, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, halilipiwi, ila gharama ya kunakili. Jibu ni ndani ya siku 21. Mkinyimwa, mna siku 30 za kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Kiutawala. Afisa anayekataa kupokea ombi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi mitatu. Na asiyejua kuandika asibaki nyumbani wala asimlipe mtu wa kumwandikia: aje aseme, na afisa wa habari analazimika kumwandikia, kisha ampe nakala.