Sekunde 9 za hamsta: rimiksi za mashabiki na ilani mnazozipokea

Tangu mwaka huu uanze, dawati letu la hakimiliki hapa Ontario limepokea maswali mengi ya Waswahili kuhusu rimiksi zinazowekwa mtandaoni na vijana wao. Nimeombwa nieleze kwa Kiswahili, na nakubali, kwa sharti moja: haya ni maelezo ya jumla, si ushauri wa kisheria kwa kesi ya mtu. Mwenye kesi aonane na wakili.

Alikuja mzee mmoja na bahasha ya plastiki. Ndani mlikuwa na barua pepe mbili alizochapishiwa maktaba, na pembeni ameandika kwa kalamu hesabu ya pesa alizodhani anadaiwa, amejumlisha mara mbili kuhakikisha. Nikamwamkia. “Marahaba mwanangu,” akasema, “hii nilipe wapi?” Kijana wake wa kidato cha mwisho alikuwa amechukua ule wimbo wa hamsta wanaocheza, akaupigia biti ya singeli, akaurusha YouTube. Nimeusikiliza. Umekaa vizuri, na si ajabu: singeli imezoea kukimbiza sauti mpaka mwimbaji asikike kama ndege, na wimbo wa hamsta ulizaliwa ukiwa tayari umekimbizwa.

Hamsta wenyewe mnawajua. Ukurasa wao wa intaneti, Hampster Dance, aliutengeneza Deidre LaCarte, mwanafunzi wa sanaa wa Nanaimo, British Columbia, mwaka 1998, akishindana na rafiki yake na dada yake nani atavuta wageni wengi zaidi kwenye intaneti. Hamsta wake wa kufuga aliitwa Hampton. Safu kwa safu za vipicha vinavyotikisika, na nyuma yake sauti ya sekunde 9 inayojirudia bila kuchoka. Miezi ya kwanza ukurasa haukuwa na wageni wa maana. Mwanzoni mwa 1999 ukalipuka.

Sasa, kila anayefika dawatini anasema “wimbo wa hamsta” kana kwamba hamsta ndiye mtunzi. Sauti ile ni “Whistle-Stop” ya Roger Miller, kutoka mwanzo wa filamu ya katuni ya Disney, Robin Hood, ya 1973, iliyokatwa kipande na kuongezwa kasi. Kwa hiyo anayeichukua anagusa vitu viwili kwa mpigo: utungo, yaani melodia aliyoitunga Miller, na rekodi, yaani sauti yenyewe iliyonaswa studio. Akiweka na picha za hamsta, michoro nayo ina mwenyewe. Na kama kipande amekitoa kwenye singo ya hamsta ya 2000 iliyotengenezwa na watayarishaji wa muziki Boomtang Boys wa Toronto, ile iliyofika namba moja Kanada, basi ameongeza tabaka jingine juu. Wenye taaluma wenyewe hawakuliruka jambo hili. Tazama majina ya watunzi wa singo ile: Roger Miller yumo, ingawa alifariki 1992.

“Lakini ni wimbo wa zamani.” Hili nalisikia kila wiki. Kanada ilikuwa ikihesabu uhai wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Tangu tarehe 30 Desemba 2022 inahesabu 70. Kwa Miller, hapa ni mpaka mwisho wa 2062. Marekani, kwa kazi iliyochapishwa 1973, wanahesabu miaka 95 tangu kuchapishwa, yaani mpaka mwisho wa 2068. Tanzania na Kenya bado ni miaka 50 baada ya kifo, kwa hiyo 2042. Popote utakaposimama kati ya nchi hizo, leo hauko huru.

La pili ni lile la sekunde. Sijui nani aliwaambia watu kwamba chini ya sekunde 30 ni ruhusa. Hakuna kifungu kama hicho, si Kanada wala Marekani. Sheria ya hapa inauliza kama umechukua sehemu ya maana ya kazi, na Mahakama ya Juu ilisema wazi mwaka 2013, katika kesi ya mchoraji Claude Robinson dhidi ya kampuni ya katuni ya Cinar, kwamba maana hupimwa kwa ubora wa kilichochukuliwa, si kwa wingi wake. Sekunde 9 za hamsta ndizo zinazomfanya mtu acheke kabla hajaona picha. Hizo huwezi kuziita makombo. Kuongeza kasi hakusaidii, kushusha sauti hakusaidii, na kuandika chini ya video “similiki haki za wimbo huu” ni sawa na kumwandikia hakimu barua ya kukiri. Naomba sana hiyo sentensi muifute.

Hata hivyo, na hapa nataka msome taratibu, Kanada ina mlango ambao nchi nyingi hazina. Ni kifungu cha 29.21 cha Sheria ya Hakimiliki, kinachotumika tangu Novemba 2012. Kinamruhusu mtu binafsi, si kampuni, kutumia kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma kutengeneza kazi yake mpya na kuisambaza. Kijana wa mzee wangu, akiwa chumbani kwake na kompyuta yake, ndiye hasa aliyefikiriwa. Lakini masharti ni manne na yote lazima yatimie. Lengo liwe lisilo la biashara kabisa: ukiwasha matangazo kwenye chaneli ili ulipwe, umetoka nje, hata kama umepata dola mbili. Utaje chanzo pale inapowezekana, na chanzo ni Roger Miller na filamu, si “hamsta”. Uwe na sababu ya kuamini kwamba nakala uliyoitumia haikuwa ya wizi. Na kazi yako isiiharibie ile ya kwanza soko lake. Kutolipwa, ambako wengi mnakutaja kama ngao, ni sharti moja kati ya hayo manne.

Sharti la tatu ndilo lililomkwamisha kijana. Alitaka sauti safi, isiyo na mikwaruzo ya faili la 1998, akapakua filamu nzima kwa torrent, yaani nakala ya wizi ambayo watu hugawana mtandaoni. Ile barua ya kwanza kwenye bahasha, ilani iliyopitia kwa mtoa huduma wa intaneti, haikuhusu rimiksi hata kidogo, ilihusu filamu. Ilikwenda kwa baba kwa sababu akaunti ya intaneti ni ya baba. Nilimweleza, akamtazama kijana, sikutaka kuyaingilia yaliyofuata. Na angekuwa ameinunua DVD halali kisha akavunja kufuli yake ya kidijitali ili atoe sauti, bado angekuwa na tatizo, kwa sababu kuvunja kufuli ni kosa peke yake, lina kifungu chake, na 29.21 haifiki huko.

Kuhusu ilani hizi za mtoa huduma wa intaneti nitaeleza hatua kwa hatua, maana ndizo zinazowatoa watu jasho. Utaratibu huu umeanza kutumika Januari 2015. Mwenye haki anampelekea mtoa huduma ilani inayotaja kazi, mahali, tarehe na saa. Mtoa huduma analazimika kuipeleka kwa mteja. Asipofanya hivyo, yeye mwenyewe anaweza kudaiwa kati ya dola 5,000 na 10,000. Anatunza kumbukumbu za kumtambua mteja kwa miezi 6, na ikiwa mwenye haki amefungua kesi na kumjulisha kabla muda huo haujaisha, anazitunza mwaka mmoja. Jina lako halipelekwi kwa mwenye haki bila amri ya mahakama. Kupokea ilani si hukumu. Na tangu Desemba 2018, ilani yenye kudai malipo, yenye kukupa bei ya kuyamaliza, au yenye kiungo cha kwenda kulipia, haitambuliwi na sheria, na mtoa huduma halazimiki kuipeleka. Ile ya mzee ilikuwa na kiungo hicho, cha buluu, kimechapwa kikubwa kuliko maandishi mengine yote. Hakuna mahali pa kulipa, mzee wangu. Usibonyeze, usiwajibu, usiwape jina. Lakini ilani usiitupe. Iweke, na kinacholalamikiwa kikome.

Barua ya pili ilitoka YouTube, na hapo tunavuka mpaka. Kifungu cha 29.21 kinakulinda mbele ya mahakama ya Kanada. Hakiilazimishi kampuni ya Marekani kuiacha video yako juu. Kule, mwenye haki akipeleka ombi la kuondoa, video inashuka kwanza, maneno baadaye. Tofautisheni pia mambo mawili mnayoyachanganya kila siku. Dai la mfumo wa kutambua sauti moja kwa moja si onyo: video mara nyingi inabaki, pesa za matangazo zinakwenda kwa mwenye haki, na ukipinga ana siku 30 za kujibu. Ombi rasmi la kuondoa ndilo linalokuja na onyo. Onyo linaisha baada ya siku 90 ukimaliza somo lao la hakimiliki; yakifika matatu kwa pamoja, chaneli inafungwa. Unaweza kupeleka ilani ya kupinga, na mwenye haki asipofungua kesi, video inarudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Ila hiyo ilani unaisaini kwa jina lako halisi na anwani, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, na unakubali kushtakiwa Marekani. Nimeona mtoto wa miaka 14 ameijaza kwa jina la utani. Msifanye hivyo.

Adhabu za hapa, kwa kuwa mtaniuliza tu: kwa ukiukaji usio wa kibiashara, fidia ya kisheria ni kati ya dola 100 na 5,000 kwa makosa yote yaliyomo katika shauri hilo. Kwa wa kibiashara ni kati ya 500 na 20,000 kwa kila kazi. Rudini kwenye matabaka niliyoyataja juu, mhesabu wenyewe kazi ziko ngapi, halafu ndipo muamue kama zile dola mbili za matangazo zinalipa. Upo pia upande wa jinai, wenye faini na kifungo, lakini huo ni wa wauza nakala kwa makusudi, sitawatisha nao.

Na kama kibali unataka, kinaombwa. Kwa utungo unawatafuta wachapishaji wa muziki, kwa rekodi unamtafuta mwenye rekodi, na hao ni watu tofauti wenye majibu tofauti. Mmoja akikataa, umekataliwa. Ukipiga upya melodia kwa kinanda chako umejiondolea suala la rekodi. La utungo liko pale pale. Upo pia mjadala wa haki za kimaadili za mtunzi, yaani za kulinda heshima ya kazi yake, ambazo Kanada inazichukulia kwa uzito: mwaka 1982 kituo kikubwa cha maduka cha Toronto kiliamriwa kuvua riboni nyekundu za Krismasi kwenye shingo za sanamu 60 za bata bukini za mchongaji Michael Snow, kwa sababu hakutaka kazi yake ivishwe riboni. Kituo kilikuwa kimezinunua sanamu hizo kwa pesa zake.

Kijana alifuta filamu. Rimiksi ameitengeneza upya kwa sauti aliyoipiga mwenyewe kwenye kinanda cha kanisani, matangazo amezima, jina la Miller ameliweka juu, na mpaka naandika bado iko hewani, jambo ambalo siwezi kulitolea ahadi. Mzee alirudi peke yake wiki iliyofuata. Binti yake anaolewa Agosti, wageni 300, na DJ anautaka wimbo wa hamsta uchezwe wakati maharusi wanaingia. Nilimwambia aanze na mwenye ukumbi, amuulize kama leseni ya kupiga muziki hadharani ameilipia mwaka huu, na aombe aione kwa macho.