Mzazi akishatoka arobaini

Arobaini ya mzazi hapa Tanga ina raha zake: kukandwa kwa maji moto, uji wa pilipili manga, shangazi kuhamia nyumbani na majirani wa Ngamiani kupokezana mtoto. Mimi ni mkunga, na siibezi desturi hii hata kidogo. Mzazi mwenye watu wa kumpikia na kumshikia mtoto ili apate kulala ana kinga isiyouzwa duka lolote la dawa. Ninachokihofia ni siku ya 41. Shangazi anarudi zake Pangani, mume yuko kazini, mama anabaki na kichanga anayelia usiku kucha. Hapo sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ambayo huenda ilishaanza wageni wakiwa bado wamejaa ukumbini, inapata nafasi.

Kulia na kukereka siku ya 3 au ya 5 ni jambo la kawaida. Kondo la nyuma likishatoka, homoni za estrojeni na projesteroni hushuka kwa kasi, na usingizi nao ni wa kuibia. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Ikipitiliza, tusiuite tena uchovu. Mama halali hata mtoto akiwa amelala, chakula hakipiti, ananyonyesha huku moyo umekufa ganzi, anajiona hafai kuitwa mama. Wengine hawatoi hata chozi, wanatabasamu na kukwambia "nzuri tu".

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea ni karibu asilimia 20. Kwa hiyo si kudeka, wala si shetani. Hatari huzidi kwa aliyewahi kuugua sonona, anayepigwa nyumbani, au asiye na wa kumsaidia. Upungufu wa damu na hitilafu ya tezi ya shingo huleta dalili zinazofanana na hizi, hivyo vipimo vya damu visirukwe.

Bahati nzuri arobaini inapoisha, chanjo ya wiki ya 6 inafika. Mama mwenyewe anakuja kliniki! Nasi tunampima mtoto uzito, tunajaza kadi, tunaita mwingine. Kumbe lipo dodoso la Edinburgh la kutambua dalili za sonona kwa mzazi, la mwaka 1987: maswali 10 tu kuhusu siku 7 zilizopita, halidai mashine. La mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru, na jibu lake halipuuzwi hata kama alama nyingine ni ndogo. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Ila usimuulize mbele ya mama mkwe, utaambiwa kila kitu ni shwari.

Matibabu yapo. Wengi hupata nafuu kwa ushauri nasaha na kupunguziwa kazi za nyumbani. Wengine huhitaji dawa. Setralini, kwa mfano, hupita kidogo sana kwenye maziwa, na kwa kawaida mama huendelea kunyonyesha. Kisomo na dua viendelee, havigombani na kliniki.

Lakini mzazi akianza kusikia sauti, akikesha bila kuchoka, au akidai mtoto amebadilishwa, usingoje tarehe ya kliniki. Hali hii, ambayo ni nzito kuliko sonona, humpata mzazi 1 au 2 katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo. Apelekwe Bombo, au hospitali yoyote iliyo karibu, hata kama ni saa nane za usiku, na asiachwe peke yake na mtoto.