Kujisuta hakukusaidii kuacha

Nimeambiwa tena wiki hii, na safari hii na mtu anayefanya kazi ileile ninayofanya ya unasihi: "Usiwaondolee watu hatia. Wakiacha kujisuta watakesha mbele ya runinga." Nimeshalijibu hili kwa mdomo, kwa simu na kwa ujumbe wa sauti, na bado linarudi. Acha niliandike lote mahali pamoja.

Ninazungumzia starehe zile ambazo mtu anazipenda kwa dhati na papo hapo anazionea haya: tamthilia ndefu za mapenzi na visasi, riwaya za mahaba, umbea wa mastaa, gemu za simu, nyimbo ambazo anapunguza sauti mtu akiingia, kipande cha keki kinacholiwa kwa kujificha. Kamari na ulevi uliomshinda mtu sivigusi. Hivyo vina tiba yake, na anayevitia kapu moja na tamthilia anawakosea wagonjwa na watazamaji kwa pamoja.

Imani ninayopambana nayo ni hii: majuto ndiyo breki, ukiyatoa gari linaporomoka. Inasikika vizuri, na haina mashiko.

Mwaka 1975 watafiti Peter Herman na Deborah Mack waliwagawa wanafunzi wa kike makundi: wengine hawakunywa kitu, wengine walikunywa milkisheki moja, wengine mbili. Kisha wote wakapewa aiskrimu waionje na kuitolea maoni, wakiruhusiwa kula kadiri wapendavyo. Wasio na mazoea ya kujinyima walifanya unachotarajia: waliokunywa zaidi walikula aiskrimu kidogo. Waliozoea kujinyima wakafanya kinyume. Wale waliokwisha kunywa milkisheki walikula aiskrimu nyingi kuliko wenzao wa kujinyima ambao hawakuwa wamekunywa chochote. Siku imeshaharibika, basi na iharibike kabisa. Maji wameyavulia nguo, wanayaoga.

Jaribio hilo lilipima kujinyima, halikuipima hatia yenyewe, kwa hiyo silibebeshi lisichoweza kubeba. Waliouliza juu ya hatia moja kwa moja ni Roeline Kuijer na Jessica Boyce wa New Zealand, mwaka 2014: ukifikiria keki ya chokoleti, kinachokujia ni hatia au sherehe? Watu wa hatia hawakuwa na nia njema zaidi ya kula vizuri kuliko watu wa sherehe. Walijiona wana uwezo mdogo zaidi wa kujitawala, na katika miezi 18 hawakufanikiwa kudumisha uzito wao kama wenzao. Breki gani hiyo?

Kwenye burudani hali ni mbaya zaidi, maana kinachopotea ni pumziko lenyewe. Mwaka 2014 Leonard Reinecke, Tilo Hartmann na Allison Eden walichapisha majibu ya watu 471 kuhusu walichotazama au kucheza baada ya kazi au masomo. Waliochoka zaidi ndio walioelekea zaidi kuona kwamba wanakwepa majukumu. Hapo hatia ikaingia, na penye hatia raha na ahueni vilipungua. Anayelihitaji pumziko kuliko wote ndiye aliyelipata kidogo.

Wenzangu wakiutaja utafiti huu huishia hapo, na vitabu vya kozi vivyo hivyo. Yapo mawili yanayofaa kusemwa. Kwanza, umejengwa juu ya wazo kwamba uwezo wa kujizuia hutumika ukaisha, na wazo hilo lilipopimwa upya na maabara 23 kwa pamoja, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, athari iliyoonekana ilikuwa karibu na sifuri. Pili, ni dodoso la mara moja. Haliwezi kutuambia kama hatia ndiyo iliyoharibu pumziko, au kama aliyepumzika vibaya ndiye anayejisuta zaidi baadaye. Bado nautumia kwa sababu unaoana na ninachokisikia kila siku kazini, lakini siuiti ushahidi wa mwisho.

Mmoja wa watu ninaowahudumia, ambaye ameniruhusu nisimulie hili bila kumtaja, alikuwa hatazami tamthilia yake akiwa amekaa. Alisimama nyuma ya kochi, rimoti mkononi, nguo za kukunja zikiwa zimetandazwa mbele yake kwenye mgongo wa kochi. Akikaa, alisema, atakuwa ameamua kupumzika; akisimama ni kama anapita tu. Basi "alipita" sehemu tatu mfululizo. Hakuna shati lililokunjwa. Miguu inauma, hadithi ameisikia nusu kwa sababu ile nusu nyingine alikuwa anajigombeza moyoni, na kwa kuwa hajaridhika, anabonyeza inayofuata. Ukimtazama kwa mbali utasema raha imemzidi. Kumbe anaendelea kwa kuwa raha haijafika.

Tulichobadilisha ni kidogo sana: akae, nguo zibaki chumbani, simu ibaki chumbani. Jioni nyingi alitazama sehemu moja akainuka ameridhika. Jioni nyingine alitazama mpaka usiku mkubwa, na sitalificha hilo. Kukaa si dawa ya kila kitu.

Sasa kinachoniudhi hasa. Watu wanachanganya deni na aibu, wanaviita vyote hatia, kisha wanavitibu kwa maneno yaleyale.

Deni ni pale ambapo kuna mtu au kazi inakusubiri. Mtoto anataka kusaidiwa hesabu, umeahidi ripoti kesho asubuhi, na wewe uko raundi ya arobaini ya gemu. Nafsi ikikusuta hapo inasema kweli, na jibu lake ni kuinuka. Lakini hata hapo kubaki ukijichapa hakufai kitu. Michael Wohl, Timothy Pychyl na Shannon Bennett waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu, wakachapisha mwaka 2010: waliojisamehe kwa kuahirisha kusoma kabla ya mtihani wa kwanza waliahirisha kidogo zaidi kabla ya mtihani uliofuata.

Aibu ya ladha ni jambo jingine kabisa. Kazi zimeisha, hakuna anayekudai, watoto wamelala, na bado unaangalia mlango. Unamwogopa nani? Nikiuliza swali hili kwa upole mara kwa mara jibu huwa ni mtu fulani: mwalimu wa zamani, baba, wifi, rafiki aliyesoma zaidi. Mwanasosholojia Pierre Bourdieu, alipoichambua jamii ya Ufaransa katika kazi aliyoichapisha mwaka 1979, alionyesha jinsi ladha ya mtu katika muziki, picha na chakula inavyofungamana na elimu yake na tabaka lake. Ukikubali hilo, utaelewa kwa nini msomi anaweza kukiri hadharani kwamba analala saa nne tu kwa usiku, lakini akafuta historia ya alivyotazama. Anaogopa kushushwa daraja. Hakuna aliyemdhuru, kwa hiyo hakuna cha kutubia, na hatia isiyo na cha kutubia haina mahali pa kuishia.

Aibu hiyo haigawiwi kwa haki pia. Mwanamume anayefuatilia tetesi za usajili wa wachezaji kutwa nzima, nani kagombana na kocha, nani mkewe hataki kuhama mji, haitwi mmbeya. Anaitwa mpenzi wa mpira. Mwanamke anayefuatilia ndoa ya mwigizaji fulani anaitwa mmbeya bila kupewa nafasi ya kujitetea. Wote wawili wanafuatilia maisha ya watu wasiowajua, kwa bidii ileile na kwa starehe ileile. Sijawahi kupata mtu wa mpira aliyekuja kwangu kwa kuona aibu ya tetesi. Wa tamthilia na riwaya za mahaba wanakuja, na karibu wote ni wanawake.

Halafu kuna kundi linalojitetea kwa kubeza: "Natazama ili niwacheke tu." Charles Allan McCoy na Roscoe Scarborough waliwachunguza watu wanaotazama vipindi ambavyo wao wenyewe wanaviita vibovu, wakawakuta wengine wanatazama kwa dhihaka, wengine wanaupenda ubovu wenyewe kwa mapenzi ya kweli, na wengine wanatazama huku wakiona hatia. Hao wa mapenzi nawaheshimu. Wa dhihaka nawaonea huruma, kwa sababu wametumia saa zilezile, wakalia palepale wenzao walipolia, kisha wanalipia machozi yao kwa kumtukana aliyewaliza. Tamthilia ya sehemu mia ina ufundi wake. Mwandishi analazimika kumkumbusha aliyekosa jana bila kumchosha aliyetazama jana, kila siku, na bado amfanye mtu amchukie mama mkwe kwa kupandisha nyusi tu. Kama unaipenda, ipende.

La vitendo nitalipitia haraka. Zima ile mipangilio inayocheza sehemu inayofuata yenyewe. Usikubali kuacha kutazama mwishoni mwa sehemu, maana sehemu hukatwa penye utamu makusudi. Achia katikati, dakika kumi ndani ya inayofuata, fundo likishafunguka. Amua mapema utakachotazama, maana saa nzima ya kupekua orodha huku unajilaumu haimpumzishi mtu.

Na raha ni uwezo, watu hawalingani nao. Katharina Bernecker na Daniela Becker mwaka 2020 walieleza kwamba wapo ambao mawazo ya majukumu huwaingilia kila wanapostarehe, na wale wasioingiliwa sana walikuwa na hali njema zaidi ya maisha. Kama utotoni ulifundishwa kwamba anayekaa ni mvivu, kukaa itakubidi ujifunze ukubwani, tena polepole.

Limebaki moja linalonisumbua. Kelly Goldsmith, Eunice Kim Cho na Ravi Dhar walionyesha mwaka 2012 kwamba watu walioamshiwa hisia ya hatia waliweza kupata raha zaidi, kwa sababu hatia na raha vimezoeana akilini mwao. Kwa hiyo huenda wapo ambao nikiwaondolea haya yote nawapunguzia utamu. Nadhani wapo. Mtu akinieleza kwamba kujificha kwenyewe ndiko kunakomfurahisha, simhubirii atangaze anachotazama. Namwuliza kama analala vizuri na kama kuna anayemdai kitu. Akijibu kwamba analala na hadaiwi, tunaendelea na jambo lililomleta.