Je, wajua? Kwa nini tiketi ya simu husomeka kwenye treni hata pasipo mtandao

Mpwa wangu alikuwa anatoka Mtwara kwenda Dodoma: basi mpaka Dar es Salaam, kisha treni ya SGR. Tiketi ya treni alishaikata kwa simu. Alfajiri, tukiwa stendi ya Mkanaledi, akaniuliza: "Mjomba, nikifika huko bando limekwisha, tiketi yangu itasomeka?"

Nikamjibu bila kusita kwamba haitasomeka. Nikampa na hela ya kuongeza bando, nikamsisitiza asiliguse hadi apande treni. Bando hilo liliishia njiani, kabla hata hawajafika Ikwiriri, na kesho yake akaingia kwenye treni kwa tiketi ileile bila shida yoyote. Nilikuwa nimempotosha. Tangu siku hiyo nimewauliza watu wengi hapa Mtwara swali hilohilo, na wengi wamenijibu kama nilivyomjibu yeye, kwa hiyo kosa hili linastahili kuelezwa kwa kituo.

Tunaamini kwamba tiketi ya simu "iko mtandaoni". Tumeitafuta kwa mtandao, tumeilipia kwa mtandao, basi tunaona inakaa hukohuko na simu ni dirisha la kuichungulia tu. Nadhani imani hii tumeitoa kwenye pesa za simu. Ukienda kwa wakala kutoa fedha na mtandao ukawa chini, hutoi hata mia, kwa sababu salio lako kweli halimo kwenye laini. Limeandikwa kwenye kompyuta za kampuni, na bila kuzifikia hakuna anayeweza kukuthibitishia kitu. Ni mfano halali kwa pesa. Kwa tiketi haufai.

Ile picha ya vijiraba vyeusi na vyeupe, yaani msimbo wa QR, haielekezi tu mahali tiketi ilipo. Mara nyingi ndiyo tiketi yenyewe. Jina, tarehe, kituo cha kupandia, behewa na kiti vinaweza kuandikwa vyote ndani ya vijiraba hivyo, kama vile vinavyoandikwa kwa wino kwenye karatasi. Ukishaipakua na kuihifadhi, simu haina kazi nyingine zaidi ya kuionyesha. Anayesoma ni kamera ya kifaa cha mkaguzi, na anachohitaji kutoka kwako ni mwanga wa skrini. Bando halihusiki. Chaji inahusika sana: simu ikizima, umeikunja tiketi yako na kuitupa baharini.

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara wa kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Ulio mkubwa kabisa una vijiraba 177 kwa 177 na hubeba tarakimu 7,089, kwa hiyo tiketi moja ya treni ni mzigo mdogo kwake. Treni za Uingereza hutumia ndugu yake aitwaye Aztec, ambaye alama yake ya kumtambulisha ni miraba iliyo ndani ya miraba pale katikati.

Baada ya kuelewa hayo, niliangukia kosa la pili. Nilisema: sawa, simu ya abiria haihitaji mtandao, basi kifaa cha mkaguzi ndicho kinachouhitaji, lazima kiulize makao makuu kama tiketi ni ya kweli. Lakini treni hupita porini na kwenye mahandaki, kama yale ya upande wa Kilosa. Na kwenye treni za watu wa kwenda kazini asubuhi, foleni ya mamia ya abiria haiwezi kusubiri kila tiketi iulizwe na kujibiwa. Ndiyo maana mifumo mingi imejengwa ili kifaa kiamue chenyewe, papo hapo, bila kuuliza mtu. Kinawezaje kujua kwamba vijiraba hivyo vimetoka kwa shirika la reli na si kwa kijana mwenye kompyuta nyumbani kwake?

Chukua stakabadhi ya korosho. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, karani anapima, anaandika kilo, anagonga muhuri. Atakayeipokea stakabadhi hiyo baadaye hana haja ya kumpigia karani simu, anautazama muhuri. Nguvu ya muhuri ni kwamba kila mtu anaweza kuutambua, ila mmoja tu anaweza kuugonga.

Muhuri wa mpira una udhaifu wake, hata hivyo. Ni uleule kwa kila karatasi. Mjanja akifuta 120 kwa wembe na kuandika 420, muhuri ulio chini yake hausemi lolote. Sasa fikiria muhuri ambao umbo lake linazaliwa na maneno yaliyoandikwa juu yake: wa kilo 120 ni tofauti kabisa na wa kilo 420, na ukibadilisha hata herufi moja ya jina, umbo halilingani tena na maandishi. Mtambo wa kuuchonga anao karani peke yake, umefungiwa kabatini. Sisi wengine tumepewa kioo. Tukikiweka juu ya karatasi, kinatuambia kama muhuri na maneno vinaoana, ila kioo hakiwezi kuchonga muhuri mpya. Mtambo ule huitwa ufunguo wa siri, kioo ni ufunguo wa wazi, na muhuri wenyewe ni sahihi ya kidijitali. Kifaa cha mkaguzi kimebeba kioo tu. Hata kikiibwa, mwizi hawezi kukitumia kutengeneza tiketi.

Yawezekanaje mtu akapewa kioo asiweze kukisia mtambo? Zidisha 61 kwa 53: kwa kalamu na karatasi ni sekunde chache, jibu 3,233. Sasa mpe mwenzako 3,233 tu na umwambie atafute namba mbili zilizoizaa. Atahangaika. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kugumu, na ugumu unakua haraka kadiri namba zinavyorefuka. Katika njia ya RSA, iliyobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, namba inayotumika sana leo ina tarakimu 617. Namba hiyo yaweza kutangazwa kwa kila mtu. Zile mbili zilizoizaa hubaki kabatini. Ni vizuri kusema hapa kwamba hakuna aliyethibitisha kihesabu kuwa njia ya mkato ya kurudi haipo kwa kompyuta za kawaida. Tunachoegemea ni kwamba wataalamu wameitafuta kwa miongo mingi na hakuna aliyeitangaza. Mimi jambo hili linanishangaza kila nikilifikiria: ugumu wa kutafuta namba mbili zilizoizaa namba moja ndio unaolinda nauli.

Si kila msimbo una sahihi ndani yake. Baadhi hubeba namba ya kumbukumbu peke yake, na hapo kifaa kinalazimika kuwa na orodha ya abiria au kuuliza seva. Abiria hawezi kuitofautisha misimbo hiyo kwa macho. Kwake yeye hali ni ileile: simu yake haihitaji bando.

Sahihi ina jambo moja isiloliweza. Inathibitisha kwamba tiketi ni ya kweli. Haizuii tiketi ya kweli kupigwa picha na kutumiwa marafiki watano. Picha nayo ni ya kweli, kijiraba kwa kijiraba. Kifaa kinaweza kukumbuka tiketi kilizokwisha kuzisoma na kuwapa wenzake habari mtandao ukirudi, lakini katikati hapo pana mwanya. Boston, Marekani, treni za mijini zilipoanza tiketi za simu mwaka 2012, makondakta walikagua kwa macho, kwa hiyo tiketi ilipewa rangi zinazobadilika na kusogea kwenye skrini, kwa kuwa picha iliyogandishwa haisogei. Mifumo mingine hubadilisha msimbo wenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa saa iliyo ndani ya simu, nayo haihitaji bando.

Kwenye safari ndefu mwanya huo huzibwa kwa njia ya zamani zaidi: tiketi inaandikwa jina, na mkaguzi anaomba kitambulisho. Mpwa wangu alikuwa nacho mkononi.