Ruwej hakuuza nchi

Jumamosi iliyopita, kwenye harusi moja hapa Katuba, Lubumbashi, mwendesha sherehe alimgeukia bibi arusi akamwambia: "Dada, usiwe kama Ruwej, aliyempa mwanaume wa kupita ufalme wa baba yake kwa sababu ya mapenzi." Ukumbi ukacheka. Ruwej ni malkia wa Walunda katika simulizi zetu za kale. Maneno hayo nimeyasikia darasani, kilioni na ndani ya teksi. Safari hii hata bukari, ugali wetu, haikupita kooni.

Mnaanzia hadithi katikati. Mzee Nkond, baba yake Ruwej, alikuwa anasuka mkeka, nyuzi zake zimelowekwa. Wanawe Kinguri na Chinyama wakarudi wamelewa, wakadhani yale maji ya nyuzi ni malafu, pombe ya mnazi, wanayonyimwa, wakampiga. Lukano, bangili ya ufalme, mzee akamwachia binti yake Ruwej. Kwa hiyo Chibinda Ilunga alipotokea na upinde wake kutoka kwa Waluba, alimkuta Ruwej mtawala tayari, tena mtawala mwenye kaka wawili wanaodai kiti. Kuolewa na mtoto wa nyumba kubwa ya Kiluba, mtu asiye na upande katika ugomvi wa Walunda, ni mapenzi tu hayo? Kaka waliielewa ndoa ile vizuri kuliko mwendesha sherehe wetu: waliondoka. Ufalme wa Kasanje, huko Angola, unamtaja Kinguri kuwa mwanzilishi wake.

Na hapa ndipo ninapoomba mnisikilize. Kwetu cheo hakifi na mwenye cheo. Anayekirithi anarithi jina, na pamoja na jina anarithi undugu wote: ndugu, watoto, mashemeji. Ruwej yupo Musumba, makao makuu ya Walunda, mpaka leo kwa cheo cha Swana Mulund, mama wa Walunda. Pembeni yake yupo Rukonkesh, cheo cha mama wa Mwant Yav, yaani mfalme wa Walunda. Mwanamke wa miaka 30 akikalia kiti cha Rukonkesh, Mwant Yav wa miaka 60 atamwita mama, na si kwa adabu tu; ndivyo ukoo unavyohesabiwa. Mjerumani Paul Pogge alipofika Musumba mwaka 1875 alimkuta Rukonkesh ana baraza lake mwenyewe. Undugu wa namna hiyo ndio uliowaunganisha machifu wa mbali na Musumba bila askari kulala kwao. Ndoa ya Ruwej, basi, ni ndoa ya viti. Haijavunjika. Aliyeuza nchi habaki mama wa nchi.

Kuna jambo linalonisumbua. Simulizi husema lukano ilihamia kwa mume siku ambazo Ruwej alikuwa hedhini, ametengwa. Kila ninapoisoma naona mkono wa wanaume wa baraza, waliohitaji sababu ya kiti kukaa kwa mwanaume. Na wapo wanahistoria wanaosema Ruwej na Chibinda hawakuwa watu, ni vyeo viwili vilivyopewa sura ya mke na mume. Miaka mingi nililipinga hilo kwa nguvu. Sasa silipingi tena kwa nguvu ileile, ingawa linaniuma, kwa sababu namtaka awe aliishi.

Baada ya chakula nilikwenda meza kuu. Mama wa bibi arusi ni mtu wa Kapanga, huko kwenye Musumba, kumbe. Nikamweleza binti habari za Swana Mulund. Akaweka glasi chini.

"Baba, yaani Ruwej bado ana kiti?"

Nikamwambia anacho, na kuna mwanamke amekikalia.