Gari la michezo Mwanza: dhana potofu kuhusu wizi, na ukweli wake

Ukiingiza Mwanza gari la michezo, iwe Porsche 911, Nissan GT-R au Audi R8, ndugu na majirani hawatakuuliza kwanza kuhusu mwendo wala mafuta. Watakuuliza: "Huogopi kuibiwa?" Na wengi wanaogopa kweli. Wapo wanaolifunika turubai miezi kadhaa hadi betri ife na matairi yaanze kukaa bapa, huku wao wakipanda bajaji kwenda mjini.

Hofu hiyo ina msingi, ila inamtazama mtu asiye sahihi. Tunamwogopa mgeni anayeruka ukuta usiku wa manane. Magari ya aina hii, yakiondoka, mara nyingi huondoka kwa ufunguo, kwa mkono wa mtu aliyeaminiwa, au kwa karatasi. Nitayapitia yale ninayoyasikia zaidi vijiweni na kwenye gereji zetu.

"Gari la bei kubwa ndilo mwizi analolitafuta kwanza"

Mwizi anatafuta mnunuzi kabla ya kutafuta gari. Toyota IST ikiibwa, milango, taa, injini na gia boksi yake vina wateja katika kila mji wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu IST zimejaa barabarani na zote zinahitaji spea. Gia boksi ya GT-R atamuuzia nani Geita au Magu?

Hali ni hiyo hata nje. Uingereza, kwa miaka mingi jina lililoongoza orodha za magari yanayoibwa lilikuwa Ford Fiesta, gari la mtu wa kawaida. Marekani liliibuka wimbi la wizi wa Hyundai na Kia, nyingi zikiwa za miaka ya 2011 hadi 2021, kwa sababu ziliuzwa bila imobilaiza, ile kinga inayozuia injini kuwaka kama haijautambua ufunguo. Ulaya kinga hiyo ni lazima kwa magari mapya tangu 1998.

Lakini tusidanganyane kwamba gari lenye kasi haliibwi. Takwimu za taasisi ya hasara za bima ya Marekani, HLDI, zilionyesha kuwa Dodge Charger SRT Hellcat za 2020 hadi 2022 zilidaiwa fidia za wizi zaidi ya mara 60 ukilinganisha na gari la wastani. Kule magari hayo ni mengi na yana soko. Kwa hiyo uliza kila mara: hapa lilipo, nani atalinunua? Kwa Mwanza jibu linakupa nafuu kubwa kuhusu gari zima, na linakupa kazi kuhusu vipande vyake.

"Wakiiba, wataiba gari zima"

Wataiba saiti mira. Watachomoa nembo, kofia za rimu, taa za mbele zikifikika, na begi uliloliacha kwenye kiti. Hiyo ndiyo hasara iliyo karibu zaidi na mwenye gari la kifahari katika miji yetu, na ndiyo isiyopewa uzito. Kioo cha pembeni cha Porsche hukipati kwa fundi wa jirani. Unaagiza nje, unalipia usafiri na ushuru, unasubiri wiki kadhaa, na gari halitembei. Chora namba ya usajili kwenye vioo na taa. Kazi hiyo ina bei ndogo, nayo hufanya kipande kisiuzike kirahisi. Ukienda Kirumba uwanjani au katikati ya mji, tafuta maegesho yenye mwanga na watu, hata kama ni mbali kidogo na unakokwenda.

"Mipaka iko karibu, litavuka usiku huohuo"

Hii nimeisikia sana, na inaonekana ina mantiki: Sirari kuelekea Kenya, Mutukula kuelekea Uganda, Rusumo kuelekea Rwanda. Sasa tazama mji wenyewe ulivyokaa. Ziwa upande mmoja, mawe pande nyingine. Kutoka Mwanza kwa barabara kuu una njia za kuhesabu: Igoma na Kisesa kuelekea Magu na Musoma, Usagara, ambapo barabara hugawanyika, moja Misungwi na Shinyanga, nyingine kwenye daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025, na kivuko cha Kamanga cha kwenda Sengerema.  Gari ambalo kila dereva wa bodaboda kuanzia Mabatini hadi Igoma analijua kwa mlio haliwezi kupita kimya katika njia hizo. Likibebwa juu ya lori likiwa limefunikwa, hapo kuna hatari ya kweli, na ndiyo maana muda wa kutoa taarifa ni muhimu kuliko urefu wa ukuta wako.

Na likivuka, bado lina namba ya chasisi. Interpol ina kanzidata ya magari yaliyoibwa yenye mamilioni ya kumbukumbu, na polisi wa nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, huitumia. Aprili 1995, wakati wa mashindano ya Formula 1 ya San Marino huko Imola, Italia, Ferrari F512M nyekundu ya dereva Gerhard Berger iliibwa. Muda mfupi baadaye ilipelekwa Japani, na mwishoni mwa 2023 ikafika Uingereza. Mnunuzi wa Marekani alipotaka kuinunua kupitia dalali wa Uingereza, kampuni ya Ferrari ilikagua namba na kukuta ni mali ya wizi. Polisi wa London walipopewa taarifa, Januari 2024, walihitaji siku nne tu kulipata gari. Ni zaidi ya miaka 28 tangu liibwe. Kwa Berger hiyo si faraja, lakini inaonyesha jinsi gari adimu linavyobaki na jina lake popote linapojificha.

"Mlango umefungwa, ufunguo uko mezani ndani, basi"

Kama gari lako linafunguka lenyewe ukilikaribia na linawashwa kwa kitufe, ufunguo huo mezani unazungumza muda wote. Wezi wawili hutumia vifaa viwili: mmoja anasogea karibu na dirisha au ukuta wa nyumba kuudaka mwito wa ufunguo, mwingine anaupokea akiwa kando ya gari. Gari linadhani mwenyewe amefika. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kimepima mamia ya aina za magari tangu 2016, na mengi mno yalifunguka kwa mbinu hiyo. Baadhi ya funguo mpya zinazopima umbali kwa usahihi zaidi ndizo zilizokataa.

Kinga yake ni kifuko kinachozuia mawimbi. Usikiamini kwa kuangalia. Weka ufunguo ndani, kifunge, simama kando ya mlango wa gari ujaribu kuufungua. Rudia kila baada ya miezi michache, maana vifuko huchakaa kwenye mikunjo. Ufunguo wa akiba nao uwe na kifuko chake. Wengi husahau kwamba na wenyewe unatoa mwito. Porsche za zamani kidogo zenye ufunguo wa kuchomeka na kuzungusha haziguswi na mbinu hii, na mwenye gari la namna hiyo asitoe pesa kwa kinga asiyoihitaji. Kwake yeye, kufuli la usukani linatosha kumchosha mtu aliyekuja na haraka.

"Wangu wote nawaamini"

Hapa ndipo ningependa kila mwenye gari asimame kidogo. Fikiria ufunguo wako umepita kwa nani mwaka huu: kijana wa kuosha magari, fundi umeme, mlinzi anayelisogeza ili jirani atoe lake, shemeji aliyeliomba kwa ajili ya harusi. Simtuhumu hata mmoja. Ila kwa aina nyingi za magari, mtu mwenye ufunguo mtupu na mashine ya kuprogramu anayeachwa na gari lako kwa muda mfupi anaweza kulifundisha gari litambue ufunguo mwingine. Wewe utarudishiwa wako, utashukuru, na mwizi atakuja baada ya miezi mitatu bila kuvunja kitu.

Kuna dawa rahisi. Mashine ya uchunguzi ya gereji nzuri inaweza, kwa magari mengi, kusoma ni funguo ngapi zimesajiliwa kwenye kompyuta ya gari. Ukinunua gari lililotumika, anza na hilo: ukikabidhiwa funguo mbili na gari linazitambua tatu, agiza zote zifutwe na zako zisajiliwe upya. Gari likiwa kwa fundi, kaa naye, au mtume mtu wako akae. Kwa kuosha, peleka mwenyewe usubiri. Kadi halisi ya gari isikae ndani ya gari.

Na kwa bima jambo hili lina uzito wa pekee. Mikataba mingi ya bima ya magari huutenga wizi wa kuaminiwa, yaani aliyekabidhiwa gari kwa hiari yako asipolirudisha. Umempa rafiki aende nalo Bukoba, akaliuza: kwa bima hilo si sawa na kuvunjiwa geti. Ukalisome shariti hilo kwenye mkataba wako leo.

"Lina GPS, nalala usingizi"

GPS hutuma mahali gari lilipo kupitia laini ya simu. Laini isiyo na kifurushi haitumi kitu, na vifaa vingi hunyamaza kwa sababu hiyo tu. Ndani ya kontena la chuma pia kifaa hupotea. Weka chenye betri yake mwenyewe, kifichwe na fundi mmoja, na kila mwezi fungua programu uone kama bado kinajibu. Gari likikaa bila kuendeshwa, kifaa hunyonya betri kuu polepole, kwa hiyo liwashe na kulitembeza.

"Nimelinunua na karatasi zote, habari ya wizi ni ya mbele huko"

Huenda wizi ulikwishatokea kabla hujalipa. Mwaka 2015 polisi wa Uingereza waliifuata Lexus iliyoibwa kwa kifaa chake cha kufuatilia, wakaikuta bandari ya Le Havre, Ufaransa, ikiwa safarini kuja Uganda. Uchunguzi ukafikia magari mengine ya kifahari yaliyokwisha kufika huko, ng'ambo ya ziwa letu hili. Mwaka 2022 Bentley Mulsanne iliyoibwa London ilikutwa Karachi, Pakistan, ikiwa na usajili wa pale. Namba ya usajili ya nchi mpya haikuwa imeisafisha.

Aliyenunua mali ya wizi hageuki mmiliki kwa sababu tu alilipa kwa nia njema. Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chasisi iliyo kwenye bodi, kwenye kioo cha mbele na kwenye kompyuta ya gari na ile ya kwenye karatasi, kisha mwandikie mtengenezaji au polisi waihakiki. Bei ikiwa nusu ya soko, acha.

"Nina bima kubwa, nitalipwa thamani yake"

Utalipwa kulingana na thamani uliyoiandika. Kwa gari binafsi, bima kubwa nchini kwa kawaida huanzia asilimia 3.5 ya thamani, ukiongeza VAT ya asilimia 18. Gari la shilingi milioni 200 ni milioni 7 na VAT milioni 1.26, jumla milioni 8.26. Mtu huona nyingi, akaandika milioni 100. Taa zikiibwa za milioni 10, kampuni ina haki ya kusema umekatia nusu, ikulipe nusu: milioni 5, kabla ya kutoa sehemu unayobeba mwenyewe. Andika thamani ya kweli, na uhakiki stika yako kwenye TIRA-MIS, mfumo wa mamlaka ya usimamizi wa bima nchini.

Ukisimamishwa na watu wenye silaha, wape ufunguo na ushuke. Ukiamka gari halipo, pigia kwanza kampuni ya GPS, kisha nenda polisi upate RB ukiwa na namba ya chasisi, namba ya injini na picha, na uwaombe wawajulishe wenzao wa Kisesa, Usagara na Kamanga. Kampuni ya bima iarifiwe siku hiyohiyo kwa maandishi, na funguo zako zote zihifadhiwe, kwa sababu watataka kuziona.