Usiniambie niongeze nguvu

Juzi jioni, saa kumi na nusu, nilikuwa juu ya dari ya nyumba moja hapa Langoni nikikaza skrubu za dishi. Simu ikalia. Alikuwa meneja wa hoteli moja ng'ambo ya ghuba, na hata salamu hakuimaliza: "Fundi, mtandao umekufa tena. Ongeza nguvu."

Ni mtu wa nne mwezi huu kuniambia maneno hayo. Nimeyasikia kwa mwalimu mkuu, kwa muuguzi wa zahanati, kwa mwenye duka la M-Pesa, na yanaumiza zaidi yanapotoka kwa mafundi wenzangu, watu wenye vyeti. Linki, yaani njia ya redio kati ya madishi mawili, ikikatika, jibu lao ni moja: nguvu haitoshi. Kwa nchi kavu mara nyingine wanapatia. Kwa linki inayovuka maji ya Lamu, hapana, na leo nataka nieleze mpaka mwisho kwa nini hapana.

Linki ya hoteli hiyo ni ya kilomita 12, masafa ya gigahezi 5.8, inavuka Ghuba ya Manda. Hakuna mti katikati wala nyumba. Ukisimama kwenye mnara mmoja siku ya anga safi, kwa darubini unauona wa pili. Aliyeifunga kabla yangu aliipandisha redio nguvu hadi kikomo. Ilipoendelea kukatika, akaondoa madishi ya sentimita 60 akaweka ya 90. Mteja akalipa mara mbili, na linki ikaendelea kufa saa zile zile za jioni. Hapo wakakubaliana kwamba wageni wa hoteli wanatazama video wengi kwa pamoja, ndipo mtandao unalemewa.

Mimi nilianza kwa kuiacha redio iandike kiwango cha mawimbi inayopokea, kila dakika, mwezi mzima. Siku nyingi ilikaa vizuri, kati ya hasi 50 na hasi 59 kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi; hasi ikikua, mawimbi yamefifia. Halafu zikaja siku nne mfululizo, inaporomoka hadi hasi 80, inakaa hapo dakika kadhaa, inapanda, baada ya muda inaporomoka tena. Kesho yake vivyo hivyo, ila imechelewa kama dakika 50. Baadaye kimya. Baada ya wiki mbili, zikarudi siku nyingine nne.

Grafu ile nilikuwa nayo kwenye kompyuta tukiwa botini kuelekea Faza. Nahodha, mtu wa makamo kama baba yangu mdogo, aliinama akaiangalia, akauliza hizi tarehe ni za lini. Nilipomtajia akasema, "Ami, hayo ni maji ya bamvua," yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Watu wa boti hawana budi kuijua hesabu hiyo, kwa sababu mkondo wa Mkanda haupitiki maji yakiwa makavu. Alipozitaja saa ambazo maji yalikuwa yamejaa siku zile, mashimo yangu, yaani pale grafu ilipoporomoka, yalikuwa yamezizunguka saa hizo, kabla na baada. Bamvua hapa kwetu hujaa kwenye saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Wageni na video zao hawakuwa na kosa. Alfajiri linki ilikufa vilevile, ila watu walikuwa wamelala.

Sasa sikilizeni inavyokuwa. Wimbi la redio halitoki kwenye dishi kama uzi, linatawanyika. Sehemu yake inakwenda moja kwa moja hadi dishi la pili. Sehemu nyingine inashuka, inagonga maji, inaruka na kufika pale pale. Hiyo ya pili imezunguka njia ndefu kidogo kuliko ya kwanza. Na kwa kuwa imeyagonga maji kwa pembe ndogo sana, karibu ya kulala, inageuka: palipokuwa kilele panakuwa bonde. Hapa ndipo hata vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi hukosea. Wanadhani njia ya ziada ikiwa sawa na urefu kamili wa wimbi moja, au mawili, au matatu, basi mawimbi yatajumlishana. Kama lisingegeuzwa na maji, ingekuwa kweli. Kwa kuwa limegeuzwa, urefu kamili ndio unaoua. Nusu ndiyo inayojenga.

Tuipige hesabu, ni fupi. Njia ya ziada ni mara mbili ya kimo cha dishi la kwanza, mara kimo cha dishi la pili, gawanya kwa umbali. Vimo vinahesabiwa kutoka kwenye uso wa maji, si kutoka kwenye msingi wa mnara, na hapo ndipo siri yote ilipo. Kilele cha bamvua, dishi moja liko mita 30 juu ya maji na la pili mita 20. Mbili mara 30 mara 20 ni 1,200. Gawanya kwa mita 12,000, unapata sentimita 10. Kwa gigahezi 5.8 urefu wa wimbi ni sentimita 5.2 hivi. Kwa hiyo njia ya ziada inakaribia mawimbi mawili kamili. Maji yakishuka sentimita 40 tu kutoka kileleni, inakuwa mawili kamili barabara, na mawimbi yanafutana. Yakipwa mita 3, vimo vinakuwa 33 na 23, njia ya ziada inafika sentimita 12.65, yaani mawimbi mawili na nusu, na linki inang'aa. Nimeacha kando mviringo wa dunia, ambao unavisogeza vipimo hivi bila kubadilisha sura ya jambo.

Ndiyo maana mashimo huwa mawili, moja maji yakipanda kuelekea kilele na moja yakianza kushuka. Ndiyo maana pia siku za maji mafu mteja hapigi simu: maji hayapandi kufikia kimo kile.

Sasa rudini kwenye nguvu. Ukiongeza nguvu, umeyaongezea yote mawili, wimbi la moja kwa moja na lile la majini. Kumi kutoa kumi ni sifuri, na elfu kutoa elfu ni sifuri. Kwa kweli hayafutani kabisa, linabaki shimo la desibeli 25 hivi. Kulifukia kwa nguvu unahitaji mara 300 na zaidi ya ulicho nacho. Yule mwenzangu alipopandisha nguvu maradufu alipata desibeli 3. Hakuna redio halali ya kuongeza mara 300, na hata ingekuwepo, ungewaharibia masafa majirani wote kuanzia Shela hadi Mokowe.

Na kuna hasara ambayo watu hawaioni. Redio hizi zinabeba data nyingi kwa kupanga alama nyingi zilizokaribiana, kila mpigo ukibeba moja kati ya 256. Kikuza mawimbi cha redio kikisukumwa hadi mwisho kinaanza kupinda, na alama zilizokaribiana zinachanganyika. Redio inajirudisha kwenye mpangilio wa alama chache, na kasi inashuka. Mteja amelipia nguvu zaidi na amepewa mtandao wa polepole zaidi. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi, na bado naambiwa niongeze.

Dishi kubwa nalo? Mwali wa dishi la sentimita 90 kwenye masafa haya una upana wa digrii 4 hivi. Wimbi la majini linafika likiwa limeachana na la moja kwa moja kwa chini ya theluthi ya digrii moja. Dishi haliwezi kuyatenganisha. Vitabu vinashauri uliinue dishi kidogo ili lisilione wimbi la majini. Nimejaribu kwenye linki tatu, na sikupata kitu cha maana ila kupoteza mawimbi mazuri pamoja na mabaya.

Wengine hunijibu kwamba bahari haijatulia, ina mawimbi, itaakisi vipi kama kioo? Swali zuri. Kwa pembe ndogo kama hii, kwa gigahezi 5.8, mawimbi ya bahari hayana budi kupita mita moja na nusu ndipo kioo kivunjike. Ndani ya ghuba, nyuma ya kisiwa, si jambo la kila siku, hata Kusi ikivuma. Bahari unayoiona wewe imechafuka, redio inaiona shwari.

Baada ya nguvu, dawa ya pili ninayotajiwa ni teknolojia mpya. Tungoje 5G. Tulete setilaiti. Sizipingi, naziishi. Lakini kila moja ina hesabu yake na maji, na jina jipya haliifuti.

5G ya gigahezi 3.5 ina wimbi la sentimita 8.6, kioo ni kile kile, vimo tu vinavyoua vimehama. Ukipanda hadi gigahezi 60, wimbi ni milimita 5 na mawimbi madogo tu ya bahari yanatosha kuvunja mwakisiko, lakini hapo hewa yenyewe inakula: oksijeni peke yake inameza desibeli 15 hivi kila kilomita. Kwa kilomita 12, sahau. Kwa mtaa hadi mtaa hapa mjini, ambako vichochoro ni vyembamba na nyaya hazina pa kupita, naipenda sana.

Inayonivutia zaidi kwa visiwa hivi ni ile isiyo na sifa mitaani: nafasi tupu za masafa ya televisheni. Chukua megahezi 500. Wimbi lina sentimita 60. Ile njia ya ziada ya sentimita 10 hadi 13 ni kama sehemu moja ya sita hadi moja ya tano ya wimbi, na maji yajae yapwe, kiwango kinacheza kwa desibeli 2 hivi basi. Linapita hata kwenye mikoko. Tatizo ni upana: chaneli moja ni megahezi 8 tu. Zahanati na shule zitashukuru. Hoteli yenye vyumba 20 italalamika.

Miale ya mwanga nayo ipo. Mradi wa Taara, uliozaliwa kutokana na maputo ya Loon yaliyorusha intaneti hapa Kenya mwaka 2020 na kufungwa 2021, umevusha data juu ya Mto Kongo kati ya Brazzaville na Kinshasa, kilomita 4.8, kwa mwali wa mwanga. Mwali huo ni mwembamba mno hata hauyagusi maji. Ila mnara ukiyumba kidogo tu lazima vioo viufuate, na ukungu ni adui. Setilaiti za kimo cha kilomita 550 zinatazama juu, bahari haiwahusu kabisa, na kwa nyumba iliyo peke yake Kiwayu sina ushauri bora. Lakini uwezo wa angani unagawanywa kwa eneo; mwaka 2024 Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti hizo, ilisimamisha wateja wapya Nairobi kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa.

Kuna jambo moja niliseme wazi. Hesabu kamili, yenye mviringo wa dunia ndani yake, inadhani hewa inapinda mawimbi kwa kiasi kile kile, kana kwamba nusu kipenyo cha dunia ni theluthi nne ya kile halisi, kama vitabu vinavyoandika. Nimeacha kuiamini namba hiyo kwa usiku wa Kaskazi. Hewa yenye joto inakaa juu ya unyevu wa bahari kwa matabaka, na linki inakufa maji yakiwa nusu, saa ambayo karatasi yangu inasema salama. Siku hizi naacha akiba ya desibeli 10 zaidi ya kitabu, na sijutii.

Kwa yule meneja, dawa ilikuwa dishi la pili kwenye mnara ule ule wa mita 20, mita 5 chini ya la kwanza. Kilele cha bamvua lile la chini linapata njia ya ziada ya sentimita 7.5, mawimbi karibu moja na nusu, yaani linajenga wakati la juu linafutwa. Maji yakipwa wanabadilishana zamu. Jana saa kumi na moja kasoro robo nilikaa chini ya mnara na kompyuta mapajani, maji yameshafika kwenye ngazi ya gati. La juu lilianguka: hasi 61, 68, 74, 80. La chini lilisimama kwenye hasi 52. Nilikuwa nimeishusha nguvu ya redio zote mbili kwa nusu.